Nyambizi ya kujijengea Mwanza: mnara au kuba, swichi au joistiki?

Michoro mingi ya nyambizi ndogo za kujijengea ilichorwa na watu wanaozamia kwenye maji maangavu, Florida na visiwa vya Karibi. Fundi wa Mwanza akiinakili kama ilivyo, atalipia vitu ambavyo Ziwa Victoria halitampa nafasi ya kuvitumia, na atakosa vingine atakavyovihitaji kila akizama. Ulinganisho huu ni wa yule ambaye suala la ganda ameshalikabidhi kwa mhandisi wa kukokotoa unene na kwa mchomeleaji aliyezoea matangi ya shinikizo, na ameshazungumza na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kuhusu usalama wa chombo chake. Sasa anajiuliza kuhusu ndani: akae vipi, ashike nini, aone nini.

Tuanze na ziwa. Uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 80. Ghuba ya Mwanza haifiki huko. Sehemu yake kubwa ni chini ya mita 25. Maji hayana chumvi, kwa hiyo nyambizi yenye ujazo wa lita 2,000 iliyosawazishwa kwa maji ya bahari itapungukiwa hapa na kilo kama 50 za nguvu ya kuelea, na itabidi utoe risasi (metali nzito ya kuongezea uzito) za kiasi hicho. Hayo yanamalizwa kwa kalamu na karatasi. Kinachoamua mpangilio wa ndani ni uoni. Karibu na mji, mara nyingi unaona mita 1 au 2, na mwani ukizidi unaona pungufu ya hapo. Ukienda noti 2, yaani mita 1 hivi kwa sekunde, na uoni ni mita 2, una sekunde 2 za kuona, kuamua na kusimamisha chombo cha zaidi ya tani. Na kitu cha kwanza utakachokutana nacho huenda kisiwe jiwe bali wavu wa sangara, au timba, wavu wa uzi mwembamba wa plastiki, ambayo hata kwenye maji safi haionekani.

Ndiyo maana kila chaguo hapa chini nimelipima kwa swali moja: taa zikizimika na dirishani pakiwa kijani kitupu, je, mkono utakifikia kifaa na kukitambua bila msaada wa jicho?

Kichwa mnarani, kifudifudi, au nyuma ya kuba

Mpangilio wa kwanza ni ule wa George Kittredge, ofisa wa zamani wa nyambizi wa jeshi la majini la Marekani, ambaye michoro yake ya K-250 na K-350 imejengwa na watu wengi. Namba hizo ni futi za kina: kama mita 76 na mita 107. Kwa maneno mengine, K-350 iliyojengwa sawasawa ingeweza kugusa sakafu ya Ziwa Victoria popote. Katika K-250 nahodha hukaa wima ndani ya ganda, kichwa kikiwa ndani ya mnara mfupi uliozungukwa na madirisha madogo. Macho yako juu, mikono iko chini tumboni mwa chombo. Haoni mikono yake.

Wengi wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ni shule nzuri, kwa sababu inakulazimisha tangu siku ya kwanza kupanga vifaa kwa kugusa. Faida kubwa zaidi iko juu ya maji. Ghuba yetu ina mitumbwi ya dagaa, boti za abiria na vivuko vya Kamanga. Ukiibuka, mnara unakupa macho pande zote kabla hujafungua mfuniko, na unauweka mfuniko wenyewe juu ya mawimbi ya alasiri. Nyambizi yenye mfuniko ulio karibu na uso wa maji inaweza kumeza wimbi la boti inayopita, na maji yaliyoingia kwa njia hiyo hayana pampu ya kuyawahi.

Mpangilio wa pili ni kulala kifudifudi. Mfano wake maarufu ni sahani ya kuzamia ya Jacques Cousteau, SP-350, iliyotoka Ufaransa mwaka 1959: watu wawili walilala juu ya magodoro, nyuso zao zikiwa kwenye madirisha. Ganda linaweza kuwa jembamba, na jicho liko karibu kabisa na kile unachokitazama. Lakini shingo inachoka, kifua kinabanwa, na kuona nyuma au juu ni vigumu. Mikono imekunjwa mbele ya uso, hivyo vifaa vyote lazima viwe kwenye eneo dogo la mbele. Kwa msafiri wa kawaida nisingeupendekeza. Lakini yupo mtu mmoja unayemfaa hasa: anayetaka kuchunguza samaki wa kwenye mawe, furu wale wanaoitwa mbipi, kwenye miamba ya ghuba. Uoni ukiwa mita 1, mwenye dirisha sentimita 30 kutoka kwenye mwamba ataona mengi kuliko mwenye kioo cha mamilioni aliye mita 3 nyuma.

Wa tatu ndio unaovutia kwenye picha: kiti cha kuegemea nyuma ya kuba kubwa ya akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo). Katika maji maangavu hakuna kinachoshindana nao. Hapa kwetu sehemu kubwa ya kuba hiyo itakuonyesha rangi ya kijani tu, na ukielea juu ya maji kuba iko nusu ndani ya maji, huoni nani anakuja nyuma yako. Kioo hicho pia hakitengenezwi uchochoroni: akriliki ya shinikizo ina kanuni zake za unene, za kiti cha kioo na za umri wa matumizi. Fedha hiyo ningeihamishia kwenye ganda na betri.

Madirisha bapa yana hila yake, na nahodha lazima aizoee. Kitu kilicho mita 2 ndani ya maji kinaonekana kama kiko mita 1 na nusu. Utadhani umefika kabla hujafika. Kosa hilo liko upande wa usalama, lakini ukiwa unanyoosha mkono wa chuma kuokota kitu litakuchanganya.

Kuhusu taa za nje, usizifunge karibu na dirisha. Chembe za majini zitakurudishia mwanga usoni kama taa za gari kwenye ukungu. Ziweke mbali, pembeni, zimulike kwa mshazari.

Abiria akae wapi

Wawili kukaa bega kwa bega kunahitaji ganda la kipenyo cha kama mita 1.2. Mtu mmoja, au wawili mmoja nyuma ya mwenzake, wanatosha kwenye sentimita 90. Tofauti haionekani kubwa hadi upige hesabu: kwa urefu wa mita 2.4, ganda jembamba lina ujazo wa mita za ujazo 1.53 na lile nene 2.71. Kila lita ya ujazo inadai kilo moja ya uzito ili chombo kizame. Bega kwa bega kunakugharimu zaidi ya kilo 1,100 za chuma na risasi, ambazo utazivuta kwa trela hadi ufukwe wa Igombe na kuzivuta tena kurudi. Tena, ganda likipanuka, bati nalo lazima liwe nene zaidi kwa kina kilekile.

Kukaa mbele na nyuma kuna tatizo la mizani. Chukua nyambizi ya kilo 1,500 ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 15 chini ya kitovu cha kuelea. Abiria wa kilo 80 akiinama mbele sentimita 30 kuchungulia dirishani, pua inazama kama digrii 6. Nahodha atahisi chombo kinampiga chenga wakati mota haijaguswa. Kwa hiyo abiria afungwe mkanda, na uwepo uzito mdogo wa kusogeza kwa mkono, hata kipande cha risasi kwenye reli fupi sakafuni.

Upo mpangilio wa kati unaostahili kuigwa na taasisi yenye fedha, kama chuo cha uvuvi kinachotaka kumshusha mtafiti. Ni ule wa Idabel ya Karl Stanley, inayozamia Roatán, Honduras: nahodha anasimama nyuma mnarani, abiria wanakaa mbele kwenye kioo kikubwa. Anayeendesha hagombei dirisha moja na anayetazama, na hakuna anayemwegemea mwenzake kwenye swichi.

Mapezi au mota za kugeuza

Usukani wa nyuma na mapezi ya ubavuni hufanya kazi kwa maji yanayopita juu yake. Ukipunguza kasi nusu, nguvu ya pezi inabaki robo. Kwa kuwa uoni wetu unakulazimisha kwenda taratibu, mapezi yatakuwa yamelala muda mwingi, na kwenye nyavu yatakuwa ndoano. Kwa chombo cha mwendo mrefu bahari kuu ningeyatetea. Kwa Ghuba ya Mwanza sioni hoja.

Zimebaki njia mbili za mota. Ya kwanza ni mota nne zilizofungwa palepale: mbili za kusukuma mbele na nyuma, mbili za juu na chini. Ya pili ni mota mbili za ubavuni, kila moja juu ya shafti inayopita ukutani, ambayo nahodha anaizungusha kwa wenzo kutoka ndani. Wajenzi wengi wa nyambizi ndogo hutumia mota za umeme za boti za uvuvi, zikiwa zimejazwa mafuta ndani ili maji yasipenye kwa shinikizo.

Mota nne hazihitaji shafti kupenya ganda, ni waya tu. Mota mbili zinahitaji matundu mawili yenye oringi (pete za mpira za kuziba maji) za kutunzwa, na ukizembea hapo ndipo utakapovuja. Lakini angalia mkono unapata nini. Wenzo ukielekea juu, mota inasukuma kuelekea juu. Ukilala mbele, unakwenda mbele. Gizani nahodha anajua mota zake zimetazama wapi kwa kugusa tu, bila taa ya kiashiria wala kumbukumbu. Nachagua mota mbili. Propela zote ziwe ndani ya pete za chuma zenye waya wa kuzuia nyavu, mbele na nyuma.

Swichi, joistiki, au kioo cha kugusa

Hapa ndipo vijana wa elektroniki na mafundi wa chuma wanapogombana, na kila upande una ukweli wake.

Joistiki, yaani kijiti cha kuelekezea, yenye kompyuta ndogo nyuma yake ina utamu wake. Mkono mmoja unaendesha kila kitu, mwendo unapanda na kushuka polepole, na kompyuta inaweza kushikilia kina wakati wewe unatazama. Kwa mota nne inakaribia kuwa lazima, kwa kuwa hakuna anayeweza kuchezea swichi nne kwa pamoja na bado akatazama nje. Baada ya nyambizi ya Titan kupotea na watu watano Juni 2023, watu wengi walicheka kwamba iliendeshwa kwa rimoti ya michezo ya video. Kicheko hicho kilikosa shabaha, maana kilichoua ni ganda la nyuzi za kaboni. Swali la haki kuhusu rimoti ile ni jingine: haikuwa na waya, ilitegemea betri yake yenyewe, na nahodha asingeweza kuifuatilia hitilafu kwa tochi na bisibisi akiwa chini.

Adui wa elektroniki ni unyevu. Ganda la chuma linagusa maji ya nyuzi 25 hivi, nawe ndani unapumua. Baada ya muda kuta zinatoa jasho na matone yanaanguka popote. Bodi ya saketi isiyopakwa vanishi na kufungiwa kwenye sanduku lenye mpira haitadumu.

Swichi za vituo vitatu, mbele, katikati na nyuma, hazina akili na hiyo ndiyo sifa yake. Ukitaka kasi mbili bila elektroniki, unga betri mbili kwa mfuatano upate volti 24, au sambamba upate volti 12. Mwendo utakuwa wa kushtuka kidogo, lakini kwenye noti 1 unavumilika. Jambo moja nasisitiza kwa sababu duka la vifaa vya umeme halitakuambia: swichi ya ukutani ya nyumbani imetengenezwa kwa umeme wa AC. Mota ya volti 12 inayokula ampea 50 ni ya DC, umeme wa betri, na DC ikikatwa inatoa cheche ndefu inayoweza kuunganisha ncha za ndani za swichi zikagandana. Mota inayokusukuma chini na haikubali kuzimwa ni hatari kuliko mota iliyokufa. Nunua swichi au kontakta zilizoandikwa kiwango cha DC, na kila mota iwe na kikata umeme chake mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka kitini.

Kioo cha kugusa nakikataa kwa usukani. Kidole hakisikii mpaka wa kitufe, tone la jasho linakibonyeza, na mwanga wake unaakisi kwenye dirisha ukaziba kile kidogo ulichokuwa unakiona nje. Kitumie kurekodi joto na kina, kikiwa kimefifishwa.

Kuhusu umbo la vishikio tuna somo la zamani kutoka kwenye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17 walikuwa wakitua salama kisha wanakunja magurudumu badala ya kukunja mabawa madogo, kwa kuwa vishikio viwili vilifanana na vilikaa karibu. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alishauri kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu na kile kingine kiwe na umbo la bawa. Ndege zinafuata hadi leo. Igeni. Koki ya kupuliza matangi ya kuelea (yakijaa maji unazama, yakijaa hewa unapanda) iwe na kishikio cha duara kikubwa, ya kuachia hewa iwe ndefu bapa, na zote ziwe za robo mzunguko, ili wenzo ukilala sambamba na bomba ujue iko wazi na ukikatiza bomba ujue imefungwa. Koki ya kuzungusha mara nyingi haikuambii chochote gizani.

Uzito wa kuachia

Kila nyambizi ndogo inahitaji uzito wa kudondosha iwapo matangi hayatapulizika. Mfuniko si njia ya kutokea: kwenye mita 20 tu, mfuniko wa kipenyo cha sentimita 50 umekaliwa na karibu tani 4 za maji. Kabla shinikizo la ndani halijalingana na la nje, hakuna bega litakalouinua.

Njia tatu zinashindana. Moja ni mota au solenoidi (koili ya umeme inayovuta pini) inayofungua ndoano ukibonyeza kitufe. Hiyo niiondoe mara moja, maana siku betri zikifa nayo imekufa. Ya pili ni sumaku ya umeme, inayoshika uzito maadamu umeme upo. Trieste, iliyofika sakafu ya shimo refu kuliko yote la bahari tarehe 23 Januari 1960, ilishikilia vyuma vyake vya uzito kwa namna hiyo: umeme ukikatika, chombo kinapanda. Ni wazo zuri kwa bahari isiyo na watu juu yake. Kwetu, fyuzi ikikatika bila wewe kutaka, utapanda kwa kasi chini ya mtumbwi wa mtu usiyemwona.

Ya tatu ni wenzo wa mkono: shafti fupi yenye oringi mbili, ukiizungusha ndoano inafunguka. Haitegemei umeme wala hewa. Hatari yake ni goti au mkanda wa begi kuizungusha kwa bahati mbaya, kwa hiyo iwe na pini ya kuchomoa kwanza. Ndiyo ninayoichagua bila kusita. Ikae katikati ya mapaja, mahali ambapo mkono wa kushoto na wa kulia inafika, na abiria naye aifikie. Nahodha anaweza kuzimia.

Hewa na geji

Nahodha aliyetulia hutoa hewa ukaa kama lita 20 hadi 25 kwa saa. Ndani ya hewa ya mita 1.2 za ujazo hiyo ni karibu asilimia 2 kwa saa, na ikifika asilimia 3 pumzi zinakwenda mbio. Oksijeni bado ingali tele. Hivyo kopo la chokaa ya soda, inayofyonza hewa ukaa, na feni yake si la kubanwa nyuma ya kiti palipobaki nafasi. Livute hewa ya chini na kuitoa karibu na uso. Betri za asidi zikae nje kwenye mitungi yake, maana zinatoa haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 hewani inaweza kulipuka.

Kwa geji, mishale inaishinda skrini: pembe ya mshale unaisoma kwa kutupia jicho. Weka mbili za kina. Kisha weka barometa ya chumba, ambayo hapa Mwanza mfuniko ukiwa wazi itasoma karibu hektopaskali 885 na si 1,013 za pwani, kwa hiyo weka alama yako hapo. Ikipanda ukiwa chini, mtungi wa hewa unavuja ndani, na geji ya kina inayojipima dhidi ya hewa ya chumba itaanza kukudanganya kuwa uko juu kuliko ulipo. Usifungue mfuniko kabla ya kuitoa hewa hiyo polepole.

Ningechagua nini

Kwa mtu mmoja wa Mwanza mwenye fedha za kawaida: mnara wenye madirisha bapa, ganda la sentimita 90, mota mbili za kugeuza kwa wenzo, swichi za DC, uzito wa mkono, geji za mishale. Joistiki naikubali ikiongezwa juu ya swichi, ikiwa swichi zinaweza kuipokonya usukani. Kwa mchunguzi wa mbipi: kulala kifudifudi, safari fupi. Kwa taasisi: mpangilio wa Roatán.

Kabla chuma hakijakatwa, tengeneza chumba kizima kwa mbao na maboksi kwenye ua wa karakana, kwa vipimo kamili, vishikio vyote mahali pake. Ingia, funga kitambaa machoni, na mwenzako aliye nje aite bila mpangilio: "Puliza mbele! Kata mota ya kulia! Achia uzito!" Kila unapopapasa zaidi ya mara moja, kishikio hicho kihamishwe siku hiyohiyo, wakati kuhamisha bado ni kazi ya msumeno.